SARATANI: KINGA HUANZIA GHALANI NA JIKONI

Mavuno yakiisha, kazi moja hufanyika karibu katika kila nyumba ya mkulima. Mama na watoto hukaa uani, ungo magotini, wakichambua mahindi na karanga. Punje nzuri, nzima na zenye rangi safi huingia kwenye gunia la kuuza. Zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizosinyaa na zenye ukungu huwekwa kando. Hizo ndizo zetu. Zitasagwa unga wa ugali, zitapondwa ziungwe katika mboga, na nyingine zitatiwa katika uji wa mtoto. Zile zilizozidi ubovu tunawapa kuku, au tunamwuzia mpika pombe.

Sisi tunaoandika ukurasa huu tumelelewa hivyo, na hatukuona ubaya wowote. Tuliona ni busara ya kubana matumizi: kizuri kilete fedha ya ada na sabuni, kibaya kitushibishe. Leo tunalazimika kusema wazi kwamba desturi hii ni moja ya njia ambazo saratani, au kansa kama wengi tulivyozoea kuiita, huingia nyumbani bila kupiga hodi.

Mwezi huu tunakualika, ndugu msomaji, tupite pamoja katika nyumba zetu: ghalani, jikoni, sebuleni, chumbani na uani. Tutazame yale tuliyoyazoea. Tutaona kwamba mara nyingi tunaogopa visivyo na hatari kubwa, na tunalala salama pamoja na vile vinavyotudhuru. Tutaona pia kwamba sehemu kubwa ya kinga haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kuchagua.

SARATANI NI NINI?

Mwili wetu umejengwa kwa chembe hai ndogo sana ziitwazo seli. Kwa kawaida seli huzaliwa, hufanya kazi na hufa kwa utaratibu. Baadhi ya seli zikiharibika, huweza kuacha utaratibu huo na kuongezeka ovyo. Hapo hutokea uvimbe au kidonda, na baadaye seli hizo husambaa katika viungo vingine. Hiyo ndiyo saratani. Huchukua muda mrefu kujitokeza, mara nyingi miaka kumi, ishirini au zaidi. Ndiyo maana ni vigumu kuona uhusiano kati ya chakula au moshi wa leo na ugonjwa wa kesho.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya saratani zote zingeweza kuzuiwa kwa kuepuka visababishi vinavyojulikana na kutumia kinga zilizopo. Maana yake ni mbili, na zote tuzishike. Kwanza, tunaweza kuzuia saratani nyingi. Pili, nyingine nyingi hatuwezi kuzizuia hata tuishi kwa uangalifu namna gani. Wapo watu wasiovuta sigara, wasiokunywa pombe na wanaokula vizuri, na bado huugua.

Kwa hiyo mgonjwa wa saratani hakulogwa wala hakulaaniwa. Si haki kumwendea kitandani na kumwuliza alikosea wapi. Wala tusimtenge, kwa maana saratani haiambukizwi kwa kula sahani moja naye, kumwogesha au kulala naye chumba kimoja. Haya tunayoandika ni kwa ajili ya kujikinga, si kwa ajili ya kuwahukumu wagonjwa.

GHALANI: SUMU ISIYOONEKANA

Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeufahamu. Wataalamu walipochunguza waligundua kwamba ndege hao walilishwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Ukungu huo ulikuwa umetoa sumu kali. Kitaalamu inaitwa aflatoksini, nasi katika Kiswahili tunaiita sumukuvu.

Sumukuvu haipo mbali nasi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 ilikuwa zamu yetu Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu 68 waliugua na 20 walifariki. Mahindi yaliyowaua yalikuwa chakula chao cha kila siku.

Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Lakini wengi wetu hula kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, bila kuumwa tumbo wala kutapika. Haba na haba hujaza kibaba. Sumukuvu huharibu ini, na ni moja ya visababishi vilivyothibitishwa vya saratani ya ini. Mtu ambaye tayari ana virusi vya homa ya ini aina ya B yuko katika hatari kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kwa mtu huyo hatari ya kupata saratani ya ini kutokana na sumukuvu huweza kuwa kubwa hadi mara 30 kuliko kwa asiye na virusi hivyo.

Mtu atasema: "Ugali tunaupika ukaiva kabisa, sumu gani itabaki?" Hapo ndipo penye hatari. Moto wa jikoni huua ukungu, lakini hauondoi sumu ambayo ukungu umekwisha kuiacha ndani ya punje. Kukaanga karanga nako hakutoshi. Wala sumukuvu haina ladha au harufu ya kututahadharisha. Ukungu ukionekana, ni dalili ya kutosha ya kukataa chakula hicho, lakini hata punje isiyo na ukungu wa kuonekana inaweza kuwa na sumu.

Ukungu huu hupenda joto na unyevu. Huanza shambani, hasa ukame unapolidhoofisha zao na wadudu wanapotoboa magunzi. Huendelea pale tunapochelewa kuvuna, tunapoanika juu ya udongo mtupu, na tunapoweka ghalani mahindi ambayo hayajakauka. Basi tufanye nini?

Tuvune mapema mahindi yakishakomaa, tusiyaache shambani yanyeshewe. Tuanike juu ya turubai, mkeka au kichanja, si juu ya ardhi. Jioni au mvua ikitishia, tuyafunike au tuyaingize ndani.

Tupime ukavu kabla ya kuhifadhi. Wataalamu wanataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Nyumbani tunaweza kutumia chupa ya kioo na chumvi. Chukua chupa safi na kavu kabisa. Tia mahindi hadi theluthi yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga na utikise kwa dakika moja. Iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Isipoganda, yamekaribia, yaongezee siku nyingine ya jua ndipo uyaweke ndani.

Ghala liwe kavu, lipitishe hewa, na magunia yakae juu ya mbao au matofali, mbali kidogo na ukuta. Mwenye uwezo anunue mifuko maalumu isiyopitisha hewa. Humo wadudu hufa kwa kukosa hewa bila kutiwa dawa. Lakini mahindi yaingie humo yakiwa yamekauka sawasawa.

Na zaidi ya yote, tuchambue. Sehemu kubwa ya sumukuvu hukaa katika punje chache mbovu. Kuzitoa punje hizo ni kutoa sehemu kubwa ya sumu. Kukoboa nako hupunguza sumu, maana nyingi imo katika ganda na kiini. Dona ni chakula bora kwa virutubisho vyake, lakini lisagwe kutokana na mahindi safi yaliyochambuliwa.

Tunaomba uangalifu wa pekee katika unga wa lishe wa watoto. Akina mama wengi huchanganya mahindi, karanga na nafaka nyingine kwa nia njema kabisa. Lakini karanga na mahindi ndiyo mazao yanayopata sumukuvu kwa wingi, na mtoto hula unga huo kila siku wakati mwili wake ni mdogo. Tuchague punje nzuri kuliko zote kwa ajili ya uji huo. Tusage kiasi kidogo cha kutosha wiki chache, tusiweke unga wa miezi mingi.

ZILE MBOVU TUZIPELEKE WAPI?

Hili ni swali gumu, na hatutaki kulikwepa. Mwaka wa njaa, debe la mahindi mabovu bado ni debe la chakula machoni pa mwenye watoto wanaolia. Ni rahisi kwa aliyeshiba kumwambia mwenzake atupe.

Hata hivyo ukweli haubadiliki. Tukizipika, tunakula sumu. Tukizipikia pombe, sumu huweza kuingia katika pombe. Tukimpa ng'ombe wa maziwa, sehemu ya sumu hutoka katika maziwa tunayowanywesha watoto. Kuku nao huathirika. Tukizipeleka kwa jirani maskini na kujiita wakarimu, tumempa ugonjwa. Tukizichanganya katika gunia la kuuza ili kuongeza uzito, tumemwuzia mtu tusiyemjua saratani ya miaka ijayo. Kilicho kibovu kwa mtoto wangu ni kibovu pia kwa mtoto wa mwenzangu.

Punje zenye ukungu zizikwe mbali na kisima na mahali wanapopita kuku. Na ili zisiwe nyingi, jitihada yetu yote iwe katika kuvuna, kuanika na kuhifadhi. Mwenye turubai amwazime asiye nalo. Jumuiya inayoweza kununua maturubai mawili ya kuazimana kwa zamu itakuwa imeokoa debe nyingi za mahindi. Pia tusile mahindi na karanga peke yake kila siku. Mtama, uwele, muhogo uliokaushwa vizuri, viazi na ndizi vikipishana mezani, sumu ya mahindi nayo itapungua mwilini.

JIKONI: MOSHI, NAILONI NA CHAI

Majiko yetu mengi ni vyumba vidogo visivyo na dirisha. Mama hupika huku machozi yanamtoka, na mtoto amelala mgongoni. Wataalamu wa kimataifa wanaochunguza visababishi vya saratani wameuweka moshi wa kuni unaojaa ndani ya nyumba katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani ya mapafu. Moshi huo pia huleta nimonia kwa watoto na ugonjwa sugu wa mapafu kwa watu wazima.

Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Mwenye uwezo wa kununua jiko la gesi asingoje. Asiye na uwezo anaweza kuanza leo kwa kutoboa dirisha, kuinua paa kidogo ili moshi utoke, kujenga jiko banifu lenye bomba, na kutumia kuni kavu. Aloweke maharage na makande usiku kucha ili yaive upesi. Na mtoto abaki nje ya jiko.

Jambo la pili ni nailoni. Wengi tunawasha mkaa kwa kipande cha mfuko, chupa ya plastiki au kandambili iliyochakaa, kwa sababu vinashika moto haraka. Plastiki inapoungua hutoa moshi wenye sumu nyingi, na baadhi ya aina za plastiki hutoa sumu ziitwazo dioksini, ambazo zimo katika orodha ya visababishi vya saratani. Tuwashie mkaa kwa vijiti vikavu, maganda ya mahindi au karatasi. Na wale wanaofunika wali au viazi kwa mfuko wa nailoni sufuriani ili viive kwa mvuke, watumie jani la mgomba kama bibi zetu, au mfuniko unaokaa vizuri.

La tatu ni chai ya moto sana. Mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Malawi, saratani ya umio, yaani njia ya chakula, ni nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 yaelekea huleta saratani hiyo. Watafiti waliopima chai ya maziwa inavyonywewa mkoani Kilimanjaro walikuta wastani wa nyuzi zaidi ya 70. Tatizo si chai, ni moto wake. Tumimine, tuzungumze dakika chache, ndipo tunywe. Kinga hii haina gharama hata senti moja.

MEZANI

Mboga za majani, matunda na maharage hutusaidia kulinda utumbo mpana. Mchicha, matembele, kisamvu, mapapai na maembe tunavyo, ila mara nyingi tunaviuza tukanunue soda na maandazi. Unene uliopita kiasi huongeza hatari ya saratani kadhaa, ikiwamo ya matiti kwa wanawake waliokoma hedhi. Tumezoea kumsifu mtu kwa kitambi, kumbe mara nyingine tunausifu ugonjwa. Soseji na nyama nyingine za kiwandani ziliwekwa mwaka 2015 katika orodha ya visababishi vya saratani ya utumbo mpana. Zisiwe chakula cha kila siku.

Kwa akina mama kuna habari njema. Kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya matiti. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2002, uliokusanya takwimu kutoka nchi 30, ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari hiyo kwa asilimia 4.3.

SEBULENI: TUMBAKU NA POMBE

Hakuna kitu kimoja kinacholeta saratani nyingi duniani kama tumbaku. Hudhuru mapafu, mdomo, koo, umio, kibofu, kongosho na viungo vingine. Baba anayevuta sebuleni anawavutisha pia mke na watoto, ingawa hawakuomba. Ugoro na tumbaku ya kutafuna si salama pia. Huepusha moshi, lakini huleta saratani ya mdomo na umio. Tunawaomba wazazi waache kuwatuma watoto dukani kununua sigara na kuwaambia wawashie jikoni. Wengi walianzia hapo.

Kuhusu pombe, tuseme kweli bila kuzunguka. Ilitajwa tangu mwaka 1988 kuwa kisababishi cha saratani. Huhusika na saratani ya mdomo, koo, umio, ini, utumbo mpana na matiti. Mwili hautofautishi bia ya chupa, mbege, wanzuki au gongo, kwa sababu kilevi ndani yake ni kilekile. Kadiri mtu anavyokunywa zaidi ndivyo hatari inavyozidi, na anayekunywa na kuvuta kwa pamoja huizidisha sana. Anayepunguza hupata faida, na anayeacha hupata faida zaidi.

CHUMBANI: MKOROGO NA UVUMI

Baadhi ya dada na mama zetu, na siku hizi hata vijana wa kiume, hutumia mkorogo ili wawe weupe. Vipodozi vingi vya kuchubua vina zebaki au haidrokwinoni, na vimepigwa marufuku nchini. Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na mama mjamzito huipitisha kwa mtoto tumboni. Tena rangi nyeusi ya ngozi ni mwavuli tuliozaliwa nao dhidi ya jua. Anayeuchubua anauchana mwavuli wake mwenyewe, na ngozi iliyopoteza rangi hushambuliwa na jua kwa urahisi. Tununue mafuta yenye maandishi ya viungo vyake na jina la mtengenezaji, tusinunue kopo lisilo na maelezo.

Upande mwingine kuna uvumi. Mara tunaambiwa sidiria yenye waya huleta saratani ya matiti, mara manukato ya kwapani. Uchunguzi uliofanywa haukupata ushahidi wa mambo hayo. Asiyeyapenda asiyatumie, lakini asidhani kwamba amejikinga kwa kuyaacha huku akila karanga zenye ukungu.

STOO NA PAANI

Dawa za kuua wadudu zina kazi yake, lakini si vyombo vya nyumbani. Lindane, iliyotumika sana zamani mashambani na katika kuua kupe na chawa, ilithibitishwa mwaka 2015 kuwa kisababishi cha saratani. DDT nayo iliwekwa katika kundi la vitu ambavyo yaelekea huileta. Kama yapo makopo ya dawa za zamani stoo, tusiyatumie wala kuyamwaga mtoni; tumwone bwana shamba. Dawa ya kuhifadhi mahindi iwe ile iliyosajiliwa kwa kazi hiyo, kwa kipimo kilichoandikwa, na tungoje siku zilizotajwa kabla ya kula. Dumu la dawa kamwe lisiwe dumu la maji au la mafuta ya kula, hata likioshwa mara kumi. Lisuuzwe mara tatu, maji yake yatumiwe katika bomba la kunyunyizia shambani, kisha litobolewe ili asilitumie mtu mwingine.

Tuinue macho paani. Majengo mengi ya zamani, zikiwamo shule na nyumba za misheni, yaliezekwa kwa vigae vya asbesto, vya rangi ya kijivu na vizito kama saruji. Vikiwa vizima na havijaguswa, hatari yake ni ndogo. Vikikatwa kwa msumeno, kutobolewa, kusuguliwa au kuvunjwa, hutoa vumbi linaloleta saratani ya mapafu na ya utando wake, miaka mingi baadaye. Kamati za majengo ziwaite wataalamu kabla ya kuvitoa. Vijana wa kujitolea wasipewe kazi hiyo kwa nyundo na mikono mitupu, na vipande vyake visitumike kujaza mashimo ya barabara au kujengea banda la kuku.

NJE: JUA NA MADIMBWI

Ndugu zetu wenye ualbino hawana mwavuli ule wa rangi, na saratani ya ngozi huwaua wengi wakiwa bado vijana. Inakadiriwa kwamba Tanzania mtu mmoja kati ya 1,400 ana ualbino. Mtoto huyo avae kofia pana, mikono mirefu na suruali au sketi ndefu, aketi darasani mbali na dirisha lenye jua, na asipangiwe kazi ya bustani saa za mchana. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi hutengenezwa mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun kwa ajili yao. Wazazi waulize kliniki ya ngozi iliyo karibu. Kidonda kisichopona kwenye ngozi yake kisingoje mwezi.

Watoto wanaooga katika malambo na wakulima wa majaruba ya mpunga hupata kichocho cha mkojo. Kisipotibiwa kwa miaka mingi, huweza kuleta saratani ya kibofu. Mtoto anayekojoa damu hajabalehe wala hajarogwa. Apelekwe zahanati, dawa ipo. Na choo kijengwe na kitumike, ili mkojo usirudi lamboni.

KLINIKI: KINGA ISIYOPATIKANA DUKANI

Saratani inayowasumbua zaidi wanawake wa Tanzania ni ile ya mlango wa kizazi. Karibu yote huletwa na virusi viitwavyo HPV, na chanjo yake ipo. Nchini kwetu ilianza kutolewa mwaka 2018, na tangu 2024 hutolewa dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wapo wazazi wanaoogopa kwamba chanjo hii huharibu uzazi. Imetolewa kwa mamilioni ya wasichana duniani tangu mwaka 2006 na haijaonekana kufanya hivyo. Saratani yenyewe ndiyo inayoharibu uzazi.

Mama wa miaka 30 hadi 50 aende kupimwa mlango wa kizazi hata kama haumwi. Anayeishi na virusi vya UKIMWI aanze mapema, kwenye miaka 25, kwa maana hatari yake ni mara sita ya mwingine. Mahali pengi kipimo hiki hufanywa kwa siki, huchukua dakika chache, na mabadiliko ya awali hutibiwa kabla hayajawa saratani. Baba amsindikize mkewe, asimwulize anatafuta nini huko.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B imekuwa katika chanjo za watoto Tanzania tangu mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo, yaani wengi wa wanaosoma ukurasa huu, huenda hawakuipata. Waulize hospitali kuhusu kupimwa na kuchanjwa.

Na dalili hizi zisingojwe: uvimbe titini hata usiouma, damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, kumeza kwa shida, kikohozi kisichokoma, kidonda kisichopona, kupungua uzito bila sababu, uvimbe wa taya kwa mtoto, au mboni ya jicho lake inayong'aa nyeupe. Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando Mwanza na KCMC Moshi hutibu saratani, lakini wagonjwa wengi hufika wamechelewa, baada ya kuuza ng'ombe na kuzunguka kwa waganga. Ng'ombe huyohuyo angeuzwa mapema, huenda angemnunulia mgonjwa uzima.

TUANZE NA MOJA

Tumeandika mengi, na hakuna familia itakayobadili yote kwa wiki moja. Tunapendekeza kila nyumba ianze na moja: chai ipoe kidogo, au nailoni isiingie jikoni, au binti apelekwe kuchanjwa.

Na mavuno yajayo, tutakapokaa uani na ungo magotini, tubadili ule mpango wa zamani. Gunia la kwanza la punje nzuri liwe la watoto wetu. La pili, zuri vilevile, liende sokoni kwa watoto wa wengine. Zile zenye ukungu tuzichimbie shimo.